Baba Ameacha Nini?

Katika nchi ya Abaluhya wakaao Busia, yaani Wasamia, Wakhayo, Wamarachi na Wanyala, mazishi ya mzee hayaishi siku ile kaburi lifukiwapo. Siku chache baadaye jamaa hukutana tena bomani. Siku hiyo ni ya kunyoa nywele za wafiwa, na pia ni siku ya baraza. Wazee hukaa chini ya mti, watoto wa marehemu hukaa mbele yao, na mambo ya marehemu huhesabiwa hadharani. Mwenye kumdai husimama akasema. Aliyekopa kwake naye hutajwa. Ng'ombe waliowekwa malishoni kwa rafiki hutajwa mmoja mmoja kwa rangi yake. Mipaka ya shamba huelezwa, na mlezi wa watoto wadogo huwekwa.

Ni desturi yenye hekima kubwa. Karani yeyote aliyezoea kufunga hesabu mwisho wa mwezi ataiheshimu, kwa maana ni daftari lisomwalo kwa mdomo, na mashahidi wake ni ukoo mzima. Fitina nyingi za urithi zimezuiwa hapo, kabla hazijafika mbele ya hakimu.

Lakini liko jambo moja ambalo mara nyingi halimo katika hesabu hiyo. Ukutani mwa nyumba ya marehemu pengine hutundikwa chombo cha muziki, nacho kimepata vumbi tangu mwenyewe alipougua. Hakuna asimamaye kuuliza: nyimbo alizozijua mzee huyu sasa ziko kwa nani? Wala hakuna aulizaye ni nani kati ya vijana aliyeonyeshwa miti yake ya dawa, kichuguu chake cha kumbikumbi, na mahali pake pa kuvulia samaki. Ng'ombe huhesabiwa, nyimbo huachwa. Na baada ya miaka michache, watoto wakikutana kumkumbuka baba yao, ng'ombe hawatajwi tena, maana walikwisha kuuzwa kwa ajili ya karo. Wanachokikumbuka ni sauti yake wakati wa jioni, na njia walizotembea naye.

NCHI YA MPAKANI

Msomaji asiyepajua hapa yafaa apaone kwanza. Upande wa kusini nchi ya Busia hushuka mpaka Ziwa Viktoria, penye bandari ndogo za Port Victoria na Sio Port, ambapo wavuvi huanika dagaa wao juani. Kutoka ziwani ardhi hupanda kwenye vilima vya Samia, kisha huenda tambarare katika mashamba ya mihogo, mtama na wimbi. Kaskazini ni nchi ya Wateso, nchi ya mawe makubwa, yenye Amukura na Malaba. Hapo Malaba reli itokayo Mombasa huingia Uganda. Ndiyo njia iliyofika Kampala mwaka 1931, na vijana wengi wa nchi hii wamesafiri kwayo kwenda kutafuta kazi.

Kati ya Kenya na Uganda hapa hakuna mlima mkubwa wala jangwa. Kuna Mto Malaba upande mmoja, na Mto Sio upande mwingine ukaribiapo ziwa. Hata mpaka wenyewe haukuwa hapa zamani. Mpaka mwaka 1902, nchi yote hii hadi Naivasha ilihesabiwa kuwa ya Uganda. Tarehe 1 Aprili mwaka huo jimbo hilo la mashariki likahamishwa, likatiwa katika nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Wasamia na Wateso wakajikuta wamegawanywa bila ya kuhama nyumba zao. Kwa hiyo baba wa nchi hii aweza kuwa na shangazi Uganda na mjomba Kenya, na kumtembelea mgonjwa wa ukoo wake ni safari ya nchi za nje. Mwezi Februari 2018 marais wa nchi mbili walifungua rasmi kituo kimoja cha pamoja hapo Busia, ili msafiri akaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Lakini jamaa walikuwa wakivukiana muda mrefu kabla ya hapo, kwa matanga na kwa arusi.

Hata neno boda boda, ambalo leo hutumika Afrika ya Mashariki yote, asili yake ni hapa. Waendeshaji wa baiskeli walikuwa wakiwabeba abiria katika kipande cha njia kati ya kituo cha nchi moja na kituo cha nchi ya pili, wakiita wateja kwa jina la mpaka wenyewe. Baiskeli hiyo hiyo iliyombeba mfanya biashara mchana, jioni ilimbeba mtoto mbele na mkungu wa ndizi nyuma, na baba katikati akikanyaga kwa nguvu, akiimba.

BABA NA NYUMBA YAKE

Msomaji na amfikiri baba mmoja wa nchi hii. Hana jina hapa, kwa sababu yuko katika kila kata. Pengine alikuwa mwalimu, au karani wa reli, au mkulima tu. Hakuwa tajiri. Siku ya mshahara alileta nyumbani sukari, chumvi na daftari za shule. Alijua mtoto gani haogopi giza na yupi huogopa, na hakumcheka aliyeogopa. Alipogombana na mama wa watoto, waligombana kwa sauti ya chini. Watu wa namna hii hawaandikwi katika vitabu vya historia, lakini ndio wanaozishikilia nyumba.

Hata hivyo wako baba wachache ambao watoto wao walijulikana sana, na kwa watoto hao twaweza kuona ni nini baba aweza kuacha. Kasisi Jeremiah Awori, Msamia, alikuwa miongoni mwa makasisi Waafrika wa kwanza wa Kanisa la Anglikana katika magharibi ya Kenya. Yeye na mkewe Mariamu walilea watoto wengi. W. W. W. Awori alikuwa mwandishi wa magazeti, kisha mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la Kenya katika miaka ya 1950. Moody Awori, aliyezaliwa mwaka 1927, alikuwa mbunge wa Funyula kwa miaka mingi, na tangu mwaka 2003 hadi 2008 alikuwa Makamu wa Rais wa Kenya. Nelson Awori alikuwa profesa wa upasuaji. Mary Okelo alianzisha shule ya Makini huko Nairobi mwaka 1978. Na Aggrey Awori, aliyezaliwa mwaka 1939 na kufariki mwaka 2021, alikimbia kwa jina la Uganda katika michezo ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960, na mwaka 2001 aligombea urais wa Uganda.

Jambo hili ni la kutafakari. Watoto wa baba mmoja, na mmoja wao awa Makamu wa Rais upande huu wa mpaka, na mwingine aomba kura za urais upande ule. Mtu wa mbali ataona ajabu. Msamia haoni ajabu, maana ndivyo ukoo wake ulivyo. Wala mshahara wa kasisi wa siku zile haukuwa wa kumwezesha mtu kuacha mashamba makubwa kwa watoto wengi kiasi hicho. Urithi wao uliowabeba mbali ni elimu, nao haukugawanyika ulipogawanywa.

Hapo ndipo penye tofauti kati ya mali na malezi. Ekari sita zikigawanywa kwa wana sita, kila mmoja hupata moja, na mjukuu hupata mahali pa kujenga choo. Lakini baba akiwafundisha wana sita wimbo mmoja, kila mmoja huupata mzima, na baba mwenyewe hakupungukiwa na kitu.

CHOMBO KILICHO UKUTANI

Muziki wa nchi hii una vyombo vingi, kwa kuwa ni njia panda ya makabila. Wateso wana akogo, nacho ni kisanduku cha mbao kilichotiwa ndimi nyembamba za chuma, ambazo huchezwa kwa vidole gumba. Ni chombo cha mtu mwenye safari, kwa sababu hushikwa mikononi na kuchezwa hata njiani. Wana na adeudeu pia, kinubi chenye sanduku la sauti, ambacho mchezaji hukaa nacho. Majirani zao Wabukusu wana litungu. Waluo wana nyatiti ya nyuzi nane, ambayo mchezaji wake huvaa pete ya chuma katika kidole cha mguu na kuigonga mbao ya chombo, hata mtu mmoja akasikika kama watatu. Abaluhya wana ngoma za sukuti, kubwa, ya kati na ndogo, na ngozi ya kenge ndiyo iliyozoewa kuziwamba.

Chombo kama akogo hakifundishwi kwa kitabu. Ulimi wa chuma ukivutwa nje kidogo huwa mrefu na sauti yake hushuka. Ukisukumwa ndani hufupika na sauti hupanda. Kiasi gani? Hilo hujulikana kwa sikio tu, na sikio hufunzwa kwa kukaa karibu na anayejua, usiku baada ya usiku. Mtoto huanza kwa kukivunja chombo cha baba na kukemewa. Baadaye hupewa cha zamani akichezee. Siku moja baba akiwa ndani husikia wimbo wake ukichezwa nje, akadhani ni ndoto. Mafundisho ya namna hii hayana ada wala cheti, lakini yana sharti moja kubwa: lazima baba awepo nyumbani, na mtoto awepo pia.

Sharti hilo ndilo lililovunjika. Baba wengi waliondoka kwenda Nairobi, Kampala na Mombasa, wakarudi kwa likizo tu. Watoto nao huenda shule za bweni. Kweli, baba waliosafiri hawakurudi mikono mitupu. Baada ya Vita Kuu ya Pili askari na vibarua walileta magita, na santuri za Kongo zikafika, hasa za Jean Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye vidole vyake vilisikika kama watu wawili. Vijana wa magharibi ya Kenya walizisikiliza, lakini hawakuziiga kama kasuku. Walilichukua gita wakalipigia mwendo wa ngoma zao wenyewe, na mtindo huo ukaitwa omutibo.

Katika mtindo huo aliyejulikana kuliko wote ni George Mukabi, mtu wa Kisa, mashariki ya Busia. Aliimba kwa Kiswahili kilichoeleweka na wote, akapiga gita kwa vidole, huku chupa tupu ya soda ikigongwa kushika mwendo. Alifariki mwaka 1963 angali kijana. Mwanawe, Johnstone Ouko Mukabi, alikuwa bado mtoto. Baba hakupata muda wa kumfundisha hata mwisho, lakini santuri zilikuwapo, na watu waliomjua walikuwapo. Mwana akakua, akashika gita, akapiga mtindo ule ule wa baba yake, hata wazee waliposikia wakamkumbuka marehemu. Huo ni mfano wa faraja. Lakini pia ni mfano wa onyo. Mukabi alikuwa ametiwa katika santuri. Mpigaji wa akogo wa kijijini Malaba, ambaye sauti yake haikupata kushikwa na mashine yoyote, ataacha nini asipoacha mwanafunzi?

Hofu hii si ya wazee wa nongwa peke yao. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliitia ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho, jirani za watu wa Busia, katika orodha ya mambo ya kale yahitajiyo kulindwa kwa haraka. Sababu iliyotolewa ni kwamba wanaoijua wengi wao wamezeeka, na wa kuwarithi ni wachache. Ngoma yaweza kupigwa kila arusi na bado ikawa katika hatari, ikiwa wapigaji ni wale wale kila mwaka na mvi zao zazidi.

Wako watakaosema kwamba nyimbo nyingi za zamani ni nyimbo za pombe, na kwamba mtu wa dini afanya vema kuziacha. Neno hili halina budi kujibiwa kwa haki. Ni kweli adeudeu na akogo vilisikika sana mahali penye chungu cha ajono, pombe ya wimbi ya Wateso, ambayo wazee huinywa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja. Ni kweli pia kwamba wamisheni wa kwanza waliwakataza waumini ngoma, na baba wengi walichagua kati ya chombo na ubatizo. Lakini hata makanisa yamebadili shauri. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliokaa tangu 1962 hadi 1965, ngoma ziliingia katika ibada za Kikatoliki, na leo ni vigumu kupata kanisa la Busia lisilo na ngoma siku ya Jumapili. Tena chombo hakina kosa. Baba aliyecheza akogo penye pombe ndiye huyo aliyeicheza kumbembeleza mtoto mwenye homa.

NJE YA NYUMBA

Jambo la tatu ambalo watoto wa Busia na Malaba humkumbukia baba yao ni nchi yenyewe: mto, kilima, kichuguu, na kinamasi. Baba wa zamani hakuwapeleka watoto nje kwa matembezi ya starehe kama wafanyavyo watu wa mijini. Aliwapeleka kwa kazi, na starehe ikawa ndani ya kazi.

Mvua za masika zinapoanza, kumbikumbi hutoka. Mwenye kichuguu hukifunika kwa matawi na majani, na kuacha tundu moja lielekealo shimo dogo. Kisha watoto huketi na vijiti, wakagonga na kuimba, mwendo wa taratibu kama matone ya mvua, hata kumbikumbi wadanganyike kwamba mvua inanyesha, wakatoka. Hapo muziki na chakula ni kazi moja. Mtoto agongaye vibaya hufukuzwa na wenzake, maana mdudu hatoki kwa mwendo mbovu. Watu wazima wengi wa nchi hii walijifunza kushika mwendo wa ngoma juu ya kichuguu kabla hawajagusa ngoma yenyewe.

Wakati wa kware nao una elimu yake. Mtegaji hufuga kware waimbao katika vitunga vya kusukwa, na kuvitundika juu ya mlingoti mrefu, kimoja juu ya kingine. Alfajiri kware hao huita, na wenzao wa porini husikia, wakashuka majanini palipotegwa vitanzi. Baba aliweza kumjua kila ndege wake kwa sauti, kama mwalimu wa kwaya ajuavyo waimbaji wake. Siku hizi kutega ndege wa mwitu kwahitaji kibali cha Shirika la Wanyama Pori la Kenya, na ni haki kuwa hivyo, kwa kuwa watu wamekuwa wengi na vichaka vimekuwa vichache. Lakini sheria haikatazi mtu kumfundisha mwanawe kusikiliza. Kwenda alfajiri kusimama kimya na kuwataja ndege kwa sauti zao hakuhitaji kibali cha mtu yeyote.

Katika vinamasi vya Mto Sio huonekana korongo mwenye taji, ndege wa bendera ya Uganda. Huvuka mpaka apendapo, akala upande mmoja na kulala upande wa pili. Baba wengi waliwaonyesha watoto wao ndege huyu akicheza ngoma na mwenzake, mabawa yamekunjuliwa, shingo zikiinama na kuinuka. Lakini tangu mwaka 2012 wataalamu wamemhesabu kuwa katika hatari ya kutoweka, na sababu kubwa ni kwamba vinamasi hukaushwa kwa kilimo. Hapa baba wa leo ana shida ya kweli. Ana watoto wa kulisha, na udongo wa kinamasi ni mzuri kwa mboga. Akilima chote, watoto hula mwaka huu. Akiacha kipande, huacha pia maji ya kiangazi, samaki wa kambare, mafunjo ya mikeka, na ndege wa kuwaonyesha wajukuu. Hakuna mtu awezaye kumwamulia kwa kukaa ofisini. Lakini aliyetembea na baba yake mahali hapo angali mtoto hufikiri mara mbili kabla ya kuchimba mfereji, na hilo laweza kutosha kuponya kipande.

Upande wa Wateso kuna jiwe la Kakapel, karibu na vilima vya Chelelemuk. Chini ya mwamba huo kuna michoro ya kale ya maduara na ng'ombe, nao umewekwa chini ya ulinzi kuwa kumbukumbu ya taifa. Mwaka 2024 wataalamu waliochimba hapo walitangaza kwamba wamepata kunde zilizoungua ambazo umri wake ni kama miaka 2,300, na pia wimbi la miaka kama 1,000 iliyopita. Kwa hiyo mkulima wa Malaba anayepanda kunde na wimbi anafanya kazi iliyofanywa mahali pale pale tangu vizazi visivyohesabika. Hakuna hata mmoja wa wakulima hao wa kwanza aliyeandika kitabu cha ukulima. Mbegu ilifika kwetu kwa njia moja tu: mzazi alimwonyesha mtoto wakati wa kupanda na wakati wa kungoja. Mara moja tu kizazi kingesahau, mnyororo ungekatika.

MALI BILA DAFTARI

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hunenwa sana dukani, lakini yafaa zaidi nyumbani. Basi mtu ambaye baba yake yu hai angefanya nini?

Kwanza, na akae naye. Likizo ya siku kumi si fupi kama mtu hakuimaliza sokoni. Jioni moja yatosha kumwomba mzee ateremshe chombo kilicho ukutani. Pengine atakataa mara ya kwanza, akisema vidole vimekufa ganzi. Aombwe tena kesho yake.

Pili, na aandike. Mwenye kujua kusoma hana udhuru. Daftari la senti chache hutosha kuandika jina la kila wimbo, aliyemfundisha baba, mahali ulipoimbwa, na sababu yake, kama ni wimbo wa arusi, wa kulima, wa kilio au wa kumsifu ng'ombe. Maneno yaandikwe kwa lugha yenyewe, Kiteso kwa Kiteso na Kisamia kwa Kisamia, kwa kuwa wimbo uliotafsiriwa ni kama maziwa yaliyotiwa maji. Siku hizi simu ya mkononi hushika sauti pia. Lakini simu huibwa na huharibika; kwa hiyo sauti iwekwe mahali pawili, na daftari lisitupwe.

Tatu, na amwulize mzee juu ya nchi. Mti huu unaitwaje, na unafaa nini? Mto huu ulipita wapi kabla ya daraja? Jamaa zetu wa ng'ambo ya mpaka ni akina nani, na njia ya kwenda kwao ni ipi? Swali hili la mwisho lina faida kubwa hapa mpakani, kwa kuwa watoto wa mtu mmoja waliokaa nchi mbili hupotezana katika kizazi cha pili, na hukutana tena mbele ya hakimu wakigombea shamba.

Nne, aliyejifunza na afundishe. Shule nyingi za nchi hii hupeleka watoto katika mashindano ya muziki ya Kenya, yaliyoanza mwaka 1927, na watoto huimba nyimbo za kwao kwa ustadi wa kupendeza. Jambo hilo ni jema, nalo limeokoa nyimbo nyingi. Lakini wimbo wa mashindano huisha kombe likitolewa. Wimbo wa nyumbani hurudi kila mwaka na mvua, kwa kuwa una kazi ya kufanya. Mwalimu akiwaambia watoto waende wakamwulize babu yao wimbo mmoja wa kuleta darasani, atakuwa amefanya kazi mbili kwa siku moja: darasa limepata wimbo, na mzee amepata mgeni.

Wako pia wasiokuwa na baba wa kumwuliza. Baba amekwisha kufa, na maswali hayakuulizwa. Hao wasikate tamaa, wala wasijilaumu kupita kiasi. Johnstone Mukabi alianza na urithi uliokatika njiani. Na mara nyingi rafiki wa marehemu yu hai, au dada yake aliyeolewa ng'ambo ya mto, naye anakumbuka zaidi ya watu wanavyodhani. Shangazi mzee akiulizwa juu ya nyimbo za kaka yake, kwanza hulia, kisha huimba.

Siku ya kunyoa itaendelea kuwako, na ni vema iendelee. Madeni yasemwe, ng'ombe watajwe kwa rangi zao, mipaka ionyeshwe, wajane na yatima wapewe haki yao bila ya kudhulumiwa. Lakini baada ya hesabu hiyo kwisha, na kabla watu hawajainuka kwenda kula, mzee mwenye kuongoza baraza angeweza kuongeza swali moja: marehemu alikuwa na nyimbo, na alijua njia za nchi hii, ni nani kati yenu aliyezipokea? Akisimama mtoto mmoja, chombo kilicho ukutani kiteremshwe, kipanguswe vumbi, apewe mbele ya watu, na jina lake litajwe pamoja na majina ya waliopewa ng'ombe. Asiposimama mtu, ukoo utakuwa umejua hasara yake mapema, na kila kijana aliye na baba hai ataondoka hapo akijua la kufanya afikapo nyumbani.